Makombo ya hotelini: Neema inayogeuzwa uchafu mlangoni mwa jiko

Leo naomba tutoke kidogo majumbani mwetu, twende tukasimame nyuma ya hoteli. Sisemi mbele, penye maua na vitambaa vya meza. Nasema nyuma, kwenye mlango wa jiko, pale ambapo kila usiku wahudumu hutoa mapipa.

Ukisimama hapo, hapa Dodoma mjini, hasa siku ambazo Bunge limekaa au kuna semina, utaona pipa kubwa la plastiki. Ndani yake umo wali, umo ugali, vimo vipande vya nyama ambavyo havikuguswa, yamo matunda yaliyokatwa, maganda ya ndizi, mifupa, karatasi za kufutia mikono, vijiti vya kuchokolea meno, vifuniko vya soda na maji machafu ya kuoshea vyombo. Vyote pamoja. Saa mbili tu zilizopita, wali ule ulikuwa chakula ambacho wewe na mimi tungekaribishwa tungepiga bismillahi tukala. Sasa ni uchafu unaonuka.

Je, wali ule umegeuka uchafu saa ngapi, na ni nani aliyeugeuza? Jua halikuuharibu, wala haukuoza. Sehemu kubwa ya chakula kile kimeharibiwa kwa mkono wa mtu, kwa kuchanganywa. Kilichokuwa safi kimemwagiwa kilichokuwa kichafu, basi vyote vikawa kitu kimoja. Hii ndiyo hoja yangu ya leo: tatizo la makombo ya hotelini halianzii dampo, na halitatuliwi dampo. Linaanzia kwenye sahani ya mlaji, na linatatuliwa mlangoni mwa jiko, kabla vitu havijachanganyika.

Mji umekua, na mapipa yamekua

Wakazi wa zamani wa Dodoma wanakumbuka mji mdogo wa reli na vumbi, wenye hoteli chache za kuhesabu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi hapa ulipitishwa mwaka 1973, lakini kwa miaka mingi mambo yalikwenda polepole. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kuhamia Dodoma kwa vitendo, na mwaka 2018 Dodoma ikapandishwa hadhi na kuwa jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 765,179 katika jiji hilo hilo. Katika miaka kumi watu wamekaribia kuwa maradufu.

Pamoja na watu hao zimekuja hoteli, nyumba za wageni, kumbi za mikutano na kumbi za harusi. Kikao cha bajeti peke yake, kinachoanza Aprili hadi mwishoni mwa Juni, hujaza vyumba na meza za chakula kwa wiki nyingi mfululizo. Hii ni riziki, na tunamshukuru Allah (s.w.) kwa hilo, kwani vijana wetu wamepata kazi na kina mama wanauza mboga. Lakini kila sahani inayoongezeka mezani inaongeza pia kilo jalalani. Na jalala la chakula si sawa na jalala la karatasi. Chakula kina maji, kinaoza, kinanuka, kinaita inzi, panya na mbwa. Mbegu ya yote hayo ni ule wali uliokuwa safi jana usiku.

Inzi anapotaga mayai kwenye pipa lenye chakula, katika joto kama letu hazipiti siku nyingi zaidi ya kumi kabla ya kizazi kipya kuruka. Maana yake ni kwamba pipa linalokaa wiki nzima bila kumwagwa ni kiwanda cha inzi. Inzi hao hawabaki hotelini. Wanavuka ukuta, wanaingia nyumbani kwako, wanatua juu ya kikombe cha maziwa ya mtoto. Kuhara, kuhara damu, homa ya matumbo na kipindupindu hupita njia hiyo. Sisi wa kanda ya kati tunaujua pia ugonjwa wa macho wa vikope, yaani trakoma, ambao kule Kongwa umetafitiwa kwa miaka mingi, na inzi ni miongoni mwa wanaoueneza. Basi mtu asiseme makombo ya hoteli hayanihusu, mimi sina hoteli.

Ardhi inayoijua njaa

Jambo hili linauma zaidi likitokea Dodoma. Hapa mvua ni ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na kwa wastani haifiki hata milimita 600 kwa mwaka. Mvua ikikatika Februari, mahindi yanakauka yakiwa na mbelewele. Ndiyo maana wazee wetu walishikamana na uwele na mtama, mazao yanayovumilia ukame. Wagogo wanayo majina ya njaa zao kama watu wengine wanavyokuwa na majina ya sikukuu. Kubwa kuliko zote ni ile iliyoitwa Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920, pale ambapo majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha ukame ukaja juu yake. Maelfu walikufa.

Mjukuu wa watu hao ndiye leo anayesukuma pipa la wali nyuma ya hoteli. Anatoka Bahi au Chamwino, na huenda nyumbani kwao mwezi huo wanakula mlo mmoja. Sisemi hivi ili kumhuzunisha mtu. Nasema ili tujue kwamba israfu ina uzito tofauti kulingana na mahali inapofanyika.

Wala si sisi peke yetu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, wakati watu milioni 783 walikuwa na njaa. Katika chakula hicho kilichotupwa, asilimia 28 kilitoka kwenye hoteli, migahawa na watoa huduma za chakula. Lakini angalia, ndugu msomaji: asilimia 60 kilitoka majumbani. Kwa hiyo tunapomnyooshea kidole mwenye hoteli, tukumbuke jiko la nyumbani nalo lina pipa lake.

Makombo yanaanzia kwenye sahani

Kwa nini hoteli ipike chakula kitakachomwagwa? Mwenye hoteli ni mfanyabiashara, na hakuna mfanyabiashara anayependa kununua mchele ili autupe. Anapika hivyo kwa sababu sisi tunamlazimisha.

Chukua mfano wa semina. Mwandaaji anaagiza chakula cha watu mia mbili kwa sababu bajeti imeandikwa watu mia mbili. Wanafika mia na thelathini. Chakula cha sabini kimelipiwa, hakina mwenyewe. Au chukua meza ya kujihudumia. Mteja wa kwanza anataka kukuta vyombo vimejaa, na mteja wa mwisho, saa tisa alasiri, naye anataka kukuta vimejaa vile vile. Basi mpishi anajaza kila mara, na mwisho wa yote vyombo vilivyojaa vinabaki. Kisha sisi wenyewe tukishika sahani, tunaweka pilau, juu yake ndizi, juu yake kuku, pembeni samaki, kwa hofu kwamba tukirudi mara ya pili watatucheka. Tunakula nusu. Nusu inakwenda pipani.

Nami sijitoi. Niliwahi kukaa kwenye kamati ya harusi ya ndugu yetu. Tulikaa vikao vinne, na katika vikao vyote hivyo nakumbuka sentensi moja iliyorudiwa kuliko zote: "Aibu kubwa ni chakula kuisha." Hakuna aliyesema aibu ni chakula kumwagwa. Tukaagiza ziada juu ya ziada. Usiku ule, baada ya bwana na bibi harusi kuondoka, niliona masinia matatu ya pilau ambayo hayakuwa yamefunuliwa yakimiminwa kwenye pipa, kwa sababu ukumbi ulitaka vyombo vyake na sisi hatukuwa tumepanga nani atachukua kilichobaki. Tulipanga muziki, tukapanga rangi ya sare, tukasahau hilo. Kosa halikuwa la ukumbi. Lilikuwa letu.

Dini yetu imelisema jambo hili wazi. Katika Suratul A'raaf (7:31) Mwenyezi Mungu ametuamrisha tule na tunywe, kisha hapo hapo akakataza israfu. Katika Suratul Israa (17:26-27) wenye kufuja wameitwa ndugu wa mashetani. Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa tonge likianguka liokotwe, liondolewe uchafu, liliwe, na kwamba sahani isafishwe, kwani mtu hajui baraka iko katika sehemu gani ya chakula chake (Muslim). Alifundisha kuwa chakula cha wawili kinatosha watatu (Bukhari na Muslim). Na kuhusu karamu za harusi, imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa chakula kiovu kuliko vyote ni cha walima wanaoalikwa matajiri wakaachwa maskini. Hebu tuipime walima ya siku hizi: tajiri kaalikwa, maskini kaachwa, na kilichobaki kapewa inzi.

Mabaki ni makundi matatu, si moja

Sasa tuje kwenye dawa. Mtu akisema "mabaki ya hoteli" anadhani ni kitu kimoja. Sivyo. Yako makundi matatu, na kila moja lina hukumu yake ya kiafya.

Kundi la kwanza ni chakula ambacho hakijatoka jikoni. Kiko kwenye sufuria, kimefunikwa, bado ni cha moto, hakuna mteja aliyekigusa. Hiki ni chakula kamili kama kile ulichokula wewe. Haki yake ni kuliwa na binadamu.

Kundi la pili ni chakula kilichotoka mezani kwenye vyombo vya kujihudumia lakini hakikuingia sahanini kwa mtu. Hiki kina wasiwasi. Kimepitiwa na watu wengi, wengine wamezungumza juu yake, wamekohoa, wameshika kijiko kwa mkono usiooshwa. Na muhimu zaidi, kimekaa saa kadhaa. Kama kilikuwa juu ya vyombo vinavyokitunza kikiwa cha moto muda wote, bado kinaweza kufaa. Kama kilipoa pale mezani kwa zaidi ya saa mbili, kisitolewe kwa mtu.

Kundi la tatu ni makombo hasa, yaani kilichobaki kwenye sahani ya mtu. Hiki mwenyewe angeweza kufungashiwa aende nacho nyumbani, na si aibu kuomba. Lakini akishakiacha, asipewe binadamu mwingine. Njia yake ni mifugo au ardhi.

Ndugu msomaji, ukiyaweka makundi haya matatu katika vyombo vitatu, una chakula, una malisho na una mbolea. Ukiyaweka katika pipa moja, una uchafu tu. Tofauti ya hayo mawili haihitaji mashine kutoka ng'ambo. Inahitaji ndoo tatu na mtu mmoja aliyefundishwa.

Sadaka iliyochacha si sadaka

Hapa naomba tuwe makini sana, kwa sababu nia njema bila elimu inaweza kuua. Miaka ya nyuma nilishuhudia watoto wa madrasa moja wakiletewa pilau ya harusi asubuhi, karamu ikiwa imefanyika jana yake jioni. Pilau ililala kwenye ndoo zenye vifuniko, usiku kucha, chumbani. Aliyeileta alikuwa na furaha ya kutoa. Watoto walikula kwa furaha pia. Kabla ya adhuhuri, zaidi ya nusu walikuwa wanatapika. Alhamdulillah hakufa mtu, lakini ile siku haijanitoka.

Nini kilitokea? Mchele unayo maradhi yake. Wako vijidudu ambavyo mbegu zao haziuawi kwa kuchemka. Wali ukishapikwa ukaachwa uvuguvugu, mbegu hizo zinaamka, zinazaana, na zinatoa sumu. Sumu inayoleta kutapika haiondoki hata ukiupasha moto tena, na mtu huanza kutapika kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula. Vivyo hivyo wako vijidudu vinavyotoka kwenye vidonda na pua ya mpishi, navyo huacha sumu isiyoondolewa na moto. Kwa hiyo ule usemi wa "tupashe moto tu, moto unaua kila kitu" si kweli. Moto unaua vijidudu vingi, lakini hauiondoi sumu iliyokwisha kutolewa.

Katika Suratul Baqara (2:267) Allah (s.w.) ametukataza kukusudia kibaya ili tukitoe sadaka, kitu ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kukifumbia macho. Kwa hiyo kipimo cha sadaka ya chakula ni chepesi: kama usingempa mwanao, usimpe yatima.

Haya ndiyo masharti ya kutoa chakula cha kundi la kwanza:

Kwanza, kitolewe usiku ule ule, kikiwa bado cha moto. Shirika la Afya Duniani linafundisha kuwa chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida la chumba zaidi ya saa mbili. Kinachosubiri kiwe cha moto zaidi ya nyuzi 60, au kiwe kwenye jokofu chini ya nyuzi 5. Katikati ya hapo ndipo vijidudu hustarehe.

Pili, kama lazima kilale, kigawanywe kwenye vyombo vifupi na vipana ili kipoe haraka, kisha kiingie kwenye jokofu. Ndoo kubwa ya wali katikati yake hukaa vuguvugu saa nyingi, hata ukiiweka kwenye jokofu.

Tatu, anayekifungasha aoshe mikono kwa sabuni na atumie kijiko, si mkono. Vyombo viwe vya chakula, si ndoo iliyokuwa na rangi au dawa.

Nne, kipashwe mara moja tu, mpaka kitoe mvuke kote, kisha kiliwe. Kikibaki hapo, kisirudishwe tena.

Tano, vyakula vyenye maziwa, mayai mabichi, na saladi zilizokatwa visiingizwe kabisa katika sadaka ya usiku.

Na ikitokea mtu amekula akaanza kutapika na kuhara, mpe maji yenye chumvichumvi, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, kidogo kidogo. Mtoto anyonyeshwe kama kawaida. Ukiona macho yameingia ndani, mtoto amelegea, hana mkojo, hana uwezo wa kunywa, au kuna damu kwenye choo, usisubiri. Nenda kituo cha afya.

Kilichobaki kiende kwa mifugo, kisha ardhini

Makombo ya sahanini na mabaki yaliyopoa yana njia mbili za heshima. Ya kwanza ni mifugo. Katika miji yetu mingi wanaochukua mabaki ya hoteli ni wafugaji wa nguruwe. Mwislamu mwenye hoteli anayeona uzito katika hilo anaweza kuwatafuta wafugaji wa kuku na bata, na wako wengi pembezoni mwa jiji.

Lakini hata mifugo ina haki ya usafi. Kuku wakilishwa chakula chenye chumvi nyingi hudhurika. Mabaki yenye nyama mbichi au nyama isiyoiva vizuri hupitisha maradhi. Uingereza mwaka 2001 ilipata somo chungu: ugonjwa wa miguu na midomo uliaminika kuanzia kwa nguruwe waliolishwa mabaki ya chakula ambayo hayakuchemshwa ipasavyo, na kabla haujakoma zaidi ya wanyama milioni sita walikuwa wamechinjwa. Nchi hiyo ikapiga marufuku malisho ya aina hiyo mwaka huo huo.

Na liko onyo linalotuhusu zaidi sisi wa kanda ya kati. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 20 walifariki kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Sumukuvu hutokana na fangasi, yaani ukungu, na haiondoki kwa kuchemsha. Mnyama akila chakula chenye sumu hiyo, inaweza kupita kwenye maziwa ikamfikia mtoto wako. Basi ukoko na ugali unaoanikwa juu ya bati ili kulishwa ng'ombe wa maziwa, ukiota ukungu, usiupunguze wala kuuchanganya na pumba. Utupe.

Njia ya pili ni ardhi. Maganda ya mboga, matunda na ndizi, yakitengwa na mafuta na nyama, ni mboji. Yachanganye na majani makavu, yanyunyizie maji kidogo, yageuze kila baada ya wiki moja au mbili, na baada ya miezi mitatu hivi unayo mbolea. Ardhi yetu inaihitaji. Wazee wa Kondoa wanakumbuka jinsi mmomonyoko ulivyokula vilima vyao mpaka mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ukaanzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika ili ardhi ipumue. Ardhi iliyochoka namna hiyo inalia kwa kukosa mbolea, nasi tunabeba maganda kwa magari, kwa mafuta ya kununua, kuyapeleka Chidaya kwenye dampo. Dampo ni la kile kisichokuwa na matumizi. Tusilijaze kwa chakula.

Wapo waliofanya

Pengine utasema haya ni maneno ya gazetini. La. Huko Misri mwaka 2006 wafanyabiashara walianzisha Benki ya Chakula ya Misri, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kukubaliana na hoteli ili chakula ambacho hakikuguswa katika karamu kifungashwe na kuwafikia wahitaji. Ufaransa mwaka 2016 ilitunga sheria inayowakataza wenye maduka makubwa kuharibu chakula kinachofaa kuliwa, na kuwataka wakubaliane na mashirika ya misaada. Huko walianza watu wa mji, na kwingine ikaanza sheria, lakini mwisho wake ni mmoja: chakula kimepata mtu wa kukipokea kabla hakijaharibika.

Sisi tunayo misikiti, tunazo madrasa, tunavyo vituo vya yatima, na tunao vijana wenye bodaboda. Tunachokosa ni makubaliano tu.

Kila mtu na fungu lake

Wewe mwenye hoteli: weka ndoo tatu mlangoni mwa jiko, ziandike, na mfundishe mtu mmoja kila zamu. Pima mabaki yako kwa wiki mbili tu. Utaona kwa macho yako ni chakula gani kinarudi kila siku, nawe utapunguza kukipika. Hiyo ni fedha yako. Mapipa yawe na vifuniko, yasikae zaidi ya siku mbili, na yaoshwe kila yanapomwagwa.

Wewe uliye kwenye kamati ya harusi au semina: hesabu wanaokuja, si waliotajwa. Siku mbili kabla, piga simu uhakikishe idadi. Na katika kikao cha kwanza, kabla ya rangi ya sare, chagueni mtu wa kuchukua kilichobaki, chombo atakachochukulia, na anakokipeleka usiku huo huo.

Wewe mgeni mwalikwa: pakua kidogo, rudi tena. Hakuna dhambi kurudi mara ya pili. Mtume (s.a.w.), kama alivyopokea Tirmidhi, alielekeza kuwa mtu akishindwa kutosheka na matonge machache, basi theluthi ya tumbo iwe ya chakula, theluthi ya maji, na theluthi ya pumzi. Sahani zetu za karamu zimezipita theluthi zote tatu.

Wewe mama, na wewe baba uletaye mchele nyumbani: ile asilimia 60 ni yetu. Mwezi wa Ramadhani ndio unaotufichua. Tunafunga mchana ili tuijue njaa, kisha magharibi tunaandaa futari ya aina saba, na asubuhi pipa limejaa uji, mihogo na tambi. Pika aina mbili. Za tatu na nne mpelekee jirani kabla ya adhana, zikiwa za moto.

Na ninyi wazee wa misikiti: chagueni vijana wawili kila mtaa, simu zao zijulikane na kumbi za karibu. Muwafundishe masharti matano niliyoyataja, na muwape ruhusa ya kukataa chakula kilichokaa sana, hata kama anayekitoa ni mtu mkubwa. Kukataa sadaka iliyochacha ni amana kwa yule atakayeila.

Ndugu msomaji, siku ya Kiyama tutaulizwa kuhusu neema, kama ilivyo katika Suratut Takaathur (102:8). Naogopa kwamba miongoni mwa maswali litakuwamo lile la pipa nyuma ya ukumbi wa harusi. Chakula kile kilipita mvua ya shida, jembe la mkulima, kinu, moto wa mpishi, kikafika salama mpaka mezani. Kikapotea katika hatua kumi za mwisho, kati ya meza na mlango wa jiko. Hatua hizo kumi ziko mikononi mwetu.

Wabillahi tawfiq.